Uduvi Wanaokula Mwani Tangini: Maswali Yenu na Majibu

Barua za safari hii nyingi zinahusu uduvi. Kwa anayeufungua ukurasa huu mara ya kwanza, huu si uduvi mkavu wa kuunga nazi. Tunawazungumzia wale wadogo wa maji baridi wanaofugwa katika tangi la kioo ili wale mwani. Aina mbili zinajirudia katika barua zenu. Wa kwanza ni uduvi wa Amano (Caridina multidentata), asili yake Japani na Taiwani, mwili kama kioo wenye vidoti ubavuni, hufika sentimita 4 hadi 5. Ameitwa hivyo kwa sababu ya Takashi Amano (1954–2015), mpiga picha Mjapani aliyewafanya wajulikane kama wala mwani. Wa pili ni uduvi wa cheri (Neocaridina davidi), mwekundu, sentimita 2 hadi 3. Wana tofauti nyingine zaidi ya rangi na ukubwa, na baadhi ya matatizo mliyotuandikia yametoka hapo.

SWALI: Nina tangi la lita 60 lenye samaki wadogo wa gapi na neoni, limefikisha miezi minne. Kioo kimekuwa kijani na mimea imeota nywele. Dukani wananiambia nikiweka uduvi watano wa Amano, wiki haiishi tangi litakuwa safi. Ni kweli? (Msomaji, Lang'ata, Nairobi)

JIBU: Ni kweli nusu, na nusu hiyo inategemea kijani chenyewe ni cha aina gani. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda ukwangue kioo. Kikitoka utelezi laini, au kama ni nyuzi laini zinazoning'inia kwenye majani, uduvi wa Amano watazila. Miguu yao ya mbele inaishia na vibrashi vya nywele. Mtazame mmoja kwa karibu: mkono huu unakwangua, ule unapeleka mdomoni, bila kupumzika. Ukoga wa kahawia wa tangi jipya nao wanaula, ingawa huo hata usipoguswa huisha wenyewe baada ya wiki chache.

Vidoa vigumu vya mviringo visivyotoka mpaka uikaze kadi, hivyo ni kazi ya wembe, usimsubiri uduvi. Maji yenyewe yakiwa ya kijani kama rojo la mchicha, mwani unaelea na uduvi hana namna ya kuukamata. Zima taa, funika tangi kwa kitambaa cheusi siku 3 au 4 huku pampu ya hewa ikifanya kazi, kisha badilisha theluthi moja ya maji. Na ukiona blanketi la kijani-buluu linalobanduka vipande vipande na kunuka tope, hilo ni la bakteria, si mwani, na uduvi hulipita kama hawalioni.

Kwa lita 60 weka uduvi 6 hadi 8, yaani mmoja kwa kila lita 8 hadi 10. Ila jambo ambalo muuzaji hakukwambia ni kwamba uduvi wa Amano akipata chakula cha samaki, mwani hana haja nao. Atamnyang'anya hata gapi kidonge na kukimbia nacho. Kwa hiyo punguza chakula cha samaki kwa nusu, na uduvi usiwape chochote wiki tatu za mwanzo. Taa iwake saa 6 hadi 7 kwa siku, kwa swichi ya saa ili usisahau, na tangi lisipigwe na jua la dirishani. Usipofanya hayo, mwani utaota haraka kuliko unavyoliwa, hata uwe na uduvi ishirini.

Kabla ya kununua, pima sumu za uchafu wa samaki zilizomo majini: amonia 0, nitriti 0, nitrati chini ya miligramu 20 kwa lita. Tangi lako la miezi minne huenda liko sawa. Mwenye tangi jipya asubiri wiki 4 hadi 6 mpaka bakteria wa filta wakomae, maana uduvi hawavumilii kile ambacho gapi hukivumilia.

Kuwahamishia tangini ndiko kunakoua wengi, nako kuna dawa rahisi. Nunua seti ya dripu kwenye duka la dawa, tupa sindano. Waweke uduvi pamoja na maji ya mfuko wao kwenye ndoo iliyo chini ya tangi, ncha moja ya mpira iwe tangini, nyingine ndooni, maji yashuke tone tone. Seti ya kawaida hutoa matone 20 kwa mililita 1, soma kwenye pakiti. Mfuko wenye nusu lita ukitaka ufike lita moja na nusu kwa saa 2, weka karibu matone 3 kwa sekunde. Maji yakishafika mara tatu ya mwanzo, wachote kwa kichujio cha wavu. Maji ya mfuko yasiingie tangini. Zima taa mpaka kesho yake, na funika tangi, kwa sababu uduvi wa Amano katika usiku wa kwanza wa ugeni hupanda mpira wa hewa na kutoka nje. Asubuhi utamkuta mkavu nyuma ya kabati.

SWALI: Nilinunua uduvi kumi wa cheri. Wiki mbili wako sawa kabisa, halafu usiku mmoja wote wamekufa. Kwanza walikuwa wanaogelea ovyo kama wamechanganyikiwa, kisha wakalala chali miguu ikitetemeka. Samaki hawana shida yoyote. Maji ni ya bomba, huwa nayaacha siku mbili kwenye ndoo. Mdomo wa filta nilikuwa nimeufunga kwa kipande cha neti ili wasivutwe. (Msomaji, Kinondoni, Dar es Salaam)

JIBU: Pole sana. Umetaja mambo mawili ambayo kwetu yanatosha: kuogelea kwa wazimu kisha kutetemeka chali, na neti.

Kama neti hiyo imekatwa kutoka kwenye chandarua cha kulalia, ina dawa. Vyandarua vya kisasa huwekewa permethrini, deltamethrini au jamaa zake, na vimetengenezwa ili dawa idumu angalau mifuo 20 na miaka 3. Kwa hiyo hata kikuukuu kilichotoboka bado kina dawa. Dawa za jamii hiyo hushambulia neva za wadudu, na uduvi ni ndugu wa karibu wa mdudu kuliko wa samaki. Kiasi ambacho neoni hakisikii kinatosha kumaliza uduvi wote. Kwamba walikaa wiki mbili hakukisafishi chandarua: pengine ulikifunga baadaye, au ulikigeuza, au ulikifikicha wakati wa kusafisha filta.

Kama neti ni ya kawaida isiyo na dawa, jiulize usiku ule kuna aliyepuliza dawa ya mbu? Wengi hujibu kwamba ilipulizwa chumbani, tangi liko sebuleni, tena lina mfuniko. Mfuniko hausaidii kitu ikiwa pampu ya hewa iko nje inavuta hewa ya nyumba na kuipeleka moja kwa moja ndani ya maji. Moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma nao hupita njia hiyo hiyo. Siku ya kupuliza, zima pampu, funika tangi lote kwa nailoni na juu yake taulo bichi, fungua madirisha baadaye, na usiwashe pampu mpaka harufu iishe kabisa. Isizidi saa 3 au 4 hivi, vinginevyo bakteria wa sponji wataanza kukosa hewa. Kilicho bora zaidi ni kuiweka pampu chumba kingine ambacho hakipulizwi na kuvuta mpira mrefu. Mpira ni bei rahisi.

Washukiwa wengine wawili tuwataje. Shaba ni mmoja: dawa nyingi za madoa meupe ya samaki na za kuua konokono zina mrututu, na shaba hubaki kwenye changarawe miezi mingi baada ya samaki kupona. Ukinunua tangi la mtumba, muulize mwenyewe aliwahi kutia nini. Klorini ni wa pili, lakini ndoo yako ya siku mbili inaiondoa. Ingekuwa imebaki, samaki nao wangekuwa juu wanahema.

Sasa usafi. Toa neti. Badilisha nusu ya maji leo na nusu keshokutwa, yakiwa na joto lile lile. Sponji ya filta usiioshe tu, ibadilishe, kwa sababu dawa hizi hunasa kwenye uchafu na sponji. Chukua kipande cha sponji kwenye tangi jingine la samaki lenye afya, ili bakteria wasianze upya. Weka mkaa wa filta, ule uliotengenezwa maalumu, wiki 2. Mkaa wa jikoni usijaribu, majivu yake yatapandisha pH na haunasi kitu cha maana. Kisha nunua uduvi wawili tu. Wakikaa siku 7 wanakula na kutembea, waongeze. Na mdomo wa filta uvishe sponji yenye matundu madogo, au kipande cha soksi nyepesi ya nailoni ya kike.

Mikono pia. Aliyejipaka mafuta ya kufukuza mbu asiingize mkono tangini.

SWALI: Uduvi wangu wanapata mstari mweupe unaozunguka mgongo mzima, kati ya kichwa na mkia, na baada ya siku moja au mbili wanakufa. Natumia maji ya kisima kirefu. Nimekuwa nikibadilisha nusu ya maji kila Jumapili ili wawe safi. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hiyo ni shida ya kujivua gamba, na hapa hatuongelei siasa. Uduvi hakui mpaka aliache gamba la zamani. Mkubwa hujivua kila baada ya wiki 3 hadi 5, mdogo mara nyingi zaidi. Mambo yakienda vizuri, gamba hupasuka juu ya shingo tu, uduvi hujikunja, hujirusha mara moja na kutoka nyuma akiacha vazi zima, hadi ganda la macho na la masharubu. Unapoona duara jeupe limezunguka mwili wote, gamba limekatika pande zote kabla hajawa tayari. Sehemu ya nyuma imebaki kama soksi iliyobana, na hana pa kusukumia.

Wewe unazo sababu mbili. Ya kwanza ni ile nusu ya maji kila Jumapili. Mabadiliko ya ghafla ya chumvi na joto humlazimisha uduvi ajivue kabla ya wakati. Badilisha sehemu moja ya kumi kwa wiki, na yamimine kwa mpira mwembamba, si kwa ndoo. Ya pili ni kisima. Kwa cheri tunataka ugumu wa maji (GH, yaani kalsiamu na magnesiamu iliyomo) kati ya 6 na 12, na KH (kabonati zinazozuia pH isiyumbe) kati ya 2 na 8. Kama una karatasi ya maabara ya kisima, tafuta ugumu ulioandikwa kwa miligramu za CaCO3 kwa lita na ugawanye kwa 18, utapata GH. Ikitoka 24, kwa mfano, changanya ndoo moja ya kisima na ndoo mbili za maji ya mvua, upate 8. Maji ya mvua kinga baada ya robo saa ya kwanza ya mvua kupita, kutoka kwenye vigae au turubai la plastiki. Bati jipya hutoa zinki, nayo ni sumu kwa uduvi. Na kisima ambacho maji yake ukionja yana chumvi ya mezani, kupima GH peke yake hakutakusaidia, nunua kipimo cha TDS (jumla ya chumvi zilizoyeyuka majini) uchanganye mpaka isome kati ya 150 na 300.

Walio na maji laini, kama ya bomba ya Nairobi, wanafika kwenye duara lile lile kwa njia ya kinyume: kalsiamu haitoshi kujenga gamba jipya. Wao watupie tangini kipande cha ukubwa wa sarafu cha mfupa mweupe wa dome, ule unaookotwa ufukweni, baada ya kuuchemsha na kuuloweka siku kadhaa.

Gamba lililoachwa usilitoe, uduvi hulila kurudisha kalsiamu. Wengi huliona wakadhani ni maiti. Maiti ya uduvi ni ya pinki na si angavu, kama aliyechemshwa. Gamba ni angavu kama nailoni.

SWALI: Uduvi wangu wawili wa Amano wamebeba mayai mara tatu sasa, mamia kwa mamia, lakini sijawahi kuona mtoto hata mmoja. Nimeshawatoa samaki wote. Tatizo ni nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hakuna tatizo, bahari ndiyo haipo. Huko kwao uduvi wa Amano anaishi mitoni. Mayai yakianguliwa, viluwiluwi huchukuliwa na maji hadi baharini, hukulia huko, kisha wakishapata umbo la uduvi hupanda mto kurudi maji baridi. Tangini kwako wanaanguliwa kila mara na kufa ndani ya siku chache. Ni wadogo mno, milimita 2 hivi, hata huwaoni. Uduvi wa cheri hana mambo hayo: hubeba mayai 20 hadi 30, na baada ya wiki 3 hadi 4 watoto hutoka wakiwa uduvi kamili wa kutembea. Anayetaka kuzalisha aanze na cheri, na ukituuliza sisi, hata anayetaka kufuga tu kwa mara ya kwanza.

Lakini wewe uko Tanga, maji ya bahari ni ya bure, kwa hiyo jaribu.

Wiki 2 kabla, chota lita 10 za maji ya bahari mbali na bandari na mdomo wa mto, maji yakiwa yamejaa. Yachuje kwa kitambaa cheupe cha pamba, yaweke kwenye chombo cha kioo chini ya taa mpaka yaanze kuwa na kijani chepesi. Kijani hicho ndicho chakula. Jike akibeba mayai, hesabu wiki 4 hadi 6. Mayai meusi-kijani yanapogeuka ya kahawia nyepesi na ukiona vinukta viwili vya macho katika kila yai, mhamishie jike kwenye chombo chenye maji ya tangi lake mwenyewe. Wataanguliwa usiku. Zima taa, washa tochi pembeni, utaona vumbi linalocheza likisogelea mwanga, kichwa chini mkia juu. Wavute kwa bomba la sindano na uwaingize kwenye maji ya bahari ndani ya siku 3. Hawahitaji kuzoeshwa pole pole. Jike mrudishe.

Kwenye maji ya bahari usiweke filta. Mpira wa hewa utoe kiputo kimoja kwa sekunde, taa iwake usiku na mchana, joto nyuzi 24 hadi 26. Kijani kikipungua, ongeza kwenye ncha ya kijiti unga wa spirulina (jamii ile ile ya vijani wanavyokula heroe wa Ziwa Natron). Ukizidisha, maji yataoza na wote watakwisha kwa usiku mmoja. Kati ya siku ya 30 na 45, wengine huchelewa hadi 60, utaanza kuona wachache wamesimama chini kwa miguu na kuogelea kwenda mbele badala ya kucheza kichwa chini. Hao warudishe maji baridi kwa seti ya dripu ndani ya siku chache, kwani wakishageuka bahari inakuwa sumu kwao. Mtu aliyeanza na elfu moja akabaki na thelathini amefanya kazi nzuri.

SWALI: Mwani umekwisha tangini, sasa niwalishe nini uduvi wa cheri? Na je, majani ya mti wa mkungu wanayoyauza kwenye intaneti kwa bei kubwa ni haya haya ya mikungu yetu? (Msomaji, Likoni, Mombasa)

JIBU: Ni haya haya, na wewe unayafagia bure kila asubuhi. Okota majani ya mkungu yaliyoanguka yenyewe, yaliyokauka na kuwa ya kahawia, mbali na barabara na mahali panapopulizwa dawa. Yasuuze chumvi ya upepo wa bahari, yamwagie maji ya moto, yaache humo mpaka yapoe. Jani moja kwa lita 40. Litaelea siku moja au mbili kisha lizame, na baada ya wiki utaona limefunikwa na utando mwembamba. Uduvi, hasa watoto, hushinda juu yake wakikwangua utando huo. Liache mpaka ibaki mifupa ya jani, kama wavu. Maji yatapata rangi ya chai nyepesi, hiyo haina madhara.

Zaidi ya hapo, mara 2 au 3 kwa wiki wape kipande cha mchicha, tango au boga, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kwa uduvi 20. Kichemshe dakika 1 au 2 kilainike, na kilichobaki kitoe kesho yake. Tahadhari moja tu, nayo ni nzito: mboga za sokoni huenda zimepuliziwa dawa ya wadudu, na tumeshaeleza juu hapo dawa ya wadudu inafanya nini. Kuosha hakuondoi yote. Tumia ya bustanini kwako au kwa jirani unayemwamini. Kama hujui ilikotoka, kidonge cha chakula cha samaki cha mboga ni salama kuliko mchicha.

SWALI: Kiangazi huku maji ya tangi yanafika nyuzi 31. Nimewasha feni juu ya maji lakini inapunguza nyuzi moja tu, ingawa nimesoma inaweza kupunguza nne. (Msomaji, Maskati, Oman)

JIBU: Feni hupoza kwa kuyafanya maji yawe mvuke, na hewa ya pwani yenu wakati huo imeshajaa unyevu, haipokei. Mwenzako wa Dodoma akiwasha feni ile ile atapata nyuzi 3 au 4. Kwako dawa ni chumba chenye kiyoyozi, nyuzi 25, usiku na mchana, au mashine ya kupoza maji. Cheri atastahimili 28 au 29 kwa siku kadhaa, wa Amano ataanza kukupotea mmoja mmoja. Maji ya nyuzi 20 hubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba saba na nusu, wakati huo huo uduvi aliyepata joto anataka hewa zaidi. Ongeza jiwe la pili la hewa, zima taa mchana na uiwashe jioni.

Chupa za barafu ziache. Zinashusha na kupandisha joto mara mbili kwa siku, na uduvi watajivua gamba kabla ya wakati. Maji yaliyopungua kwa feni yajazie kwa maji yasiyo na chumvi (ya kujazia betri, si tindikali yake, au ya mashine ya kuchuja chumvi), si ya bomba, maana mvuke umeondoka lakini chumvi imebaki. Na maji ya tangi la juu ya paa yachote alfajiri, yalale ndani kutwa kabla ya kuyatumia.

SWALI: Nilikuwa na wekundu, nikaongeza wa manjano na wa buluu. Watoto wote sasa ni wa kahawia. Je, ni chakula? (Msomaji, Mjini Magharibi, Unguja)

JIBU: Si chakula. Hao wote ni aina moja, wamezaana, na rangi ya asili ya porini ndiyo hiyo ya kahawia. Kila rangi iwe na tangi lake. Hao wa kahawia wahamishie kwenye tangi la samaki, mwani wanaula sawasawa na ndugu zao wa rangi.

SWALI: Kwetu ziwani uduvi wadogo wanavuliwa kwa ndoo, tunawaita ochong'a, wanauzwa kwa watengenezaji wa chakula cha samaki na kuku. Kwa nini ninunue wa Asia? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Swali zuri, na hatuoni sababu usijaribu. Ochong'a ni Caridina nilotica, jenasi ile ile ya uduvi wa Amano, na wana vibrashi vile vile mikononi. Baada ya sangara kutawala Ziwa Victoria na furu wengi kutoweka, uduvi hawa wakawa chakula kikuu cha sangara wachanga. Hula mabaki na mwani, na kwa kuwa ziwa haliko karibu na bahari yoyote, watoto wao hukulia maji baridi hayo hayo.

Shida iko kwenye kuvua. Wale wa kwenye ndoo ya mvuvi wamebanwa na kukosa hewa, hata wanaocheza bado watakufa kesho. Shuka mwenyewe alfajiri mahali penye majani, na wavu wa mkono wa matundu ya milimita 1, uchukue wasiozidi 20. Wabebe kwenye ndoo yenye mfuniko na pampu ya betri, pamoja na shada la mimea ya hapo hapo ya kushikilia. Wasizidi 5 kwa lita. Nyumbani watie kwenye tangi la peke yao wiki 3. Tazama kwa tochi kama kuna vinyoo vyeupe vilivyosimama juu ya pua au chini ya tumbo. Wakiwa navyo, mwoge mmoja mmoja kwenye kikombe cha maji ya tangi chenye kijiko 1 cha chai cha chumvi, sekunde 30 hadi 60, kisha arudi tangini. Mimea ya ziwani usiiingize kwenye tangi kubwa, inaleta konokono na ruba.

Maji ya Victoria ni laini, kwa hiyo maji ya bomba ya Kisumu yaliyokaa bila klorini yatawafaa bila kuongeza kitu. Wasomaji wa Kigoma wasidhani ni habari hiyo hiyo kwao. Ziwa Tanganyika lina uduvi wake wasiopatikana kwingine duniani, lakini wamezoea pH ya karibu 9, na ukiwatia kwenye maji ya mvua hawafiki jioni.

Na kama tangini una perege, hata mdogo, usijisumbue kushuka ziwani. Utakuwa umempelekea chakula cha mchana.